Foleni ya ujumbe kwa RabbitMQ: tiketi ya boti isipotee njiani

Siku mbili kabla ya Idd, bandari ya Malindi, Unguja, ilijaa abiria wa Pemba. Bibi mmoja akanionyesha simu yake: "Mwanangu, pesa nimeshakatwa, tiketi iko wapi?" Programu yangu ya malipo ilikuwa ikiita huduma ya SMS moja kwa moja. SMS zilipokwama, kila kitu kikakwama, na tiketi yake haikuandikwa popote. Sasa programu ya malipo inaacha ujumbe kwenye foleni ya RabbitMQ, programu inayotunza ujumbe kati ya programu mbili, na programu ya tiketi inauchukua ikiwa tayari.

Hatua ya 1: washa RabbitMQ

```
docker run -d --name rabbit --hostname rabbit -v rabbit_data:/var/lib/rabbitmq -p 5672:5672 -p 15672:15672 rabbitmq:management
pip install pika
```

Docker inaiwasha RabbitMQ, na pika ni maktaba ya Python ya kuzungumza nayo. Programu zinapitia mlango (port) wa 5672. Ukurasa wa usimamizi uko 15672. Jina na nywila ya kuanzia ni guest, vibadilishe kabla ya kuweka kwenye seva ya kazi.

Hatua ya 2: upande wa malipo

```python
ch.confirm_delivery()
ch.queue_declare(queue="tiketi", durable=True)
ch.basic_publish(exchange="", routing_key="tiketi", body=data,
    properties=pika.BasicProperties(delivery_mode=2))
```

`ch` ni chaneli ya pika, yaani njia iliyokwisha kufunguliwa kwenda RabbitMQ. `confirm_delivery` huifanya RabbitMQ ithibitishe kuwa imeupokea ujumbe. `durable` huhifadhi foleni, `delivery_mode=2` huhifadhi ujumbe wenyewe. Ukiweka la kwanza tu, seva ikizimika utaikuta foleni tupu. Aliyekuwepo Unguja mwisho wa 2009, kebo ya umeme ya chini ya bahari ilipoharibika tukakaa gizani kama miezi mitatu, hahitaji kushawishiwa.

Hatua ya 3: upande wa tiketi

```python
def shughulikia(ch, method, props, body):
    andika_tiketi(body)
    tuma_sms(body)
    ch.basic_ack(delivery_tag=method.delivery_tag)

ch.basic_qos(prefetch_count=1)
ch.basic_consume(queue="tiketi", on_message_callback=shughulikia)
ch.start_consuming()
```

Hapa ndipo penye kazi khasa. `basic_ack` ni kukiri kwamba kazi imekwisha, na RabbitMQ ikishaisikia inaufuta ujumbe. Iweke mstari wa mwisho, na usiwashe `auto_ack`, inayokiri yenyewe ujumbe ukishatumwa tu: ukikiri mapema na programu ikaanguka, tiketi ya mtu imekwenda.

Lakini programu ikianguka kabla ya kukiri, ujumbe huletwa tena, hata kama SMS ilishatoka. SMS mbili za tiketi moja hazidhuru. Viti viwili kwa malipo mamoja ni balaa, maana mwenye haki atabaki gatini. Kwa hiyo nambari ya malipo niliiwekea UNIQUE (isirudiwe) kwenye jedwali la tiketi, na `andika_tiketi` ikiikuta ipo, inaendelea bila kuandika upya.

Hatua ya 4: iangushe makusudi

Weka `time.sleep(20)` juu ya `basic_ack`, tuma ujumbe mmoja, kisha bonyeza Ctrl+C kabla sekunde hazijaisha. Kwenye ukurasa wa usimamizi utauona ukitoka Unacked (haujakiriwa) na kurudi Ready (unasubiri kuchukuliwa). Sasa andika `docker restart rabbit`, washa tena programu ya tiketi, uhesabu mistari kwenye jedwali: lazima uwe mmoja.