Kuchangisha pesa za mtoto mwenye SMA (ugonjwa wa kurithi unaolegeza misuli): anzia hapa kabla ya posta ya kuomba mchango

Kwanza msikimbilie posta. Najua vile huwa, daktari ametamka jina la ugonjwa ambalo hakuna mtu nyumbani amewahi kulisikia, kufika jioni binamu ashafungua grupu ya WhatsApp na kuingiza watu kibao na hata yeye hajui pesa ni za nini. Wiki ya kwanza watu watatoa kwa huruma, ya pili wataanza kuuliza, na mkikosa jibu wanatoka mmoja mmoja.

Kaeni na daktari wa neva wa watoto, mumwombe barua yenye jina la ugonjwa na mahitaji ya mtoto kwa mpangilio. Natumia SMA kama mfano juu ndio naijua. Misuli inalegea kwa sababu jeni ya SMN1 ina hitilafu, na kwa aina ya 1 dalili huonekana kabla ya miezi sita, shingo haikazi, miguu hairushi, mtoto anapumua kwa tumbo.

Sasa ukiingia Google utakutana na Zolgensma, dawa ya kudungwa mara moja, iliyoidhinishwa Marekani 2019 kwa bei ya dola milioni 2.125, yaani zaidi ya shilingi milioni 270 za Kenya. Tafadhali msiandike hiyo namba kwa posta. Mama mboga mwenye hamsini yake ataona haina kazi hapo, na hamsini za watu kama yeye ndizo hubeba mchango. Hiyo dawa itafuteni kwa njia nyingine, Novartis, kampuni inayoitengeneza, walianza 2020 mpango wa kuitoa bure kwa watoto wadogo kwenye nchi ambazo haijaidhinishwa, na anayeomba ni daktari, si mzazi, kwa hivyo mwulizeni mapema kabisa juu umri wa mtoto unahesabiwa.

Nyinyi changisheni kitu kimoja kimoja. Kipimo cha jeni kwanza, alafu mashine ya kuvuta makohozi, alafu ya kusaidia kupumua usiku, alafu fiziotherapi ya kila mwezi. Andikeni hivi: "Tunatafuta mashine ya kuvuta makohozi, bei ya duka ni hii, tumefika hapa, imebaki hii." Ikishanunuliwa piga picha ya mashine na risiti, weka kwa grupu, ndio mtaje kitu kinachofuata.

Pesa zisiingie kwa simu ya mtu. Laini ya M-Pesa haibebi zaidi ya laki tano, ikijaa michango inakataa kuingia na wengi hawatumi tena. Fungueni akaunti ya benki ya watu watatu, sahihi mbili ndio zitoe pesa, na mtumie Paybill ya benki, ama M-Changa, jukwaa la kuchangisha kwa simu na mtandao. GoFundMe, tovuti ya kuchangisha ya ng'ambo, haitoi pesa Kenya moja kwa moja, kwa hivyo ndugu aliye Marekani ama Uingereza aifungue kwa jina lake na aeleze wazi zitafikaje huku. Mweka hazina asiwe mzazi, mzazi analala wodini. Tafuta yule shangazi anayeshika vitabu vya chama, kila Jumapili jioni aweke hesabu hata kama wiki nzima imeingia mia mbili tu.

Picha ya mtoto iwe moja, amevaa, hana mipira puani, na wazazi wote wawili wakubali. Na hili ni gumu lakini liandikwe mapema: mtoto akituacha, pesa zitakazobaki zinaenda wapi. Msingoje matanga ndio ukoo uanze kugombana.

Siku ya harambee nesi ama daktari apewe dakika kumi kabla ya kikapu kupita. Mama ya mtoto atakuwa ashasikia mengi, eti ni laana, eti ni ukoo wa kwao. Watu waambiwe kwamba kwa kawaida baba na mama wote wawili huwa wamebeba hiyo jeni yenye hitilafu bila kujua, wakiwa wazima kabisa, na kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuugua. Shemeji wakisikia hayo kwa mdomo wa daktari hata mchango wa upande wa baba unabadilika, na wazazi nao wanajua wamwulize nini kabla ya mimba nyingine.