Jinsi ya Kudai Muda na Mahali pa Kunyonyesha Kazini Jijini Nairobi

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili, ilhali kliniki humshauri ampe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Pengo hilo haliwaumizi wote kwa kiasi kimoja. Takwimu za kitaifa za 2022 zilionyesha kwamba takriban asilimia 60 ya watoto wa chini ya miezi sita walikuwa wakinyonya tu bila kupewa kitu kingine. Utafiti uliochapishwa 2011 kuhusu Korogocho na Viwandani, mitaa ya mabanda jijini Nairobi, ulikuta kwamba takriban asilimia 2 tu ya watoto walifikisha miezi sita hivyo. Vipimo hivyo haviwezi kulinganishwa moja kwa moja, lakini tofauti ni kubwa mno kupuuzwa.

Mwenye barua ya kazi aanze kabla ya kujifungua. Mwandikie mwajiri notisi ya likizo angalau siku saba mapema, na humo humo umweleze kwamba ukirudi utahitaji muda na mahali pa kukamulia maziwa, ukitaja vifungu vya 71 na 72 vya Sheria ya Afya ya 2017. Vifungu hivyo vinamtaka mwajiri atenge chumba ambacho si choo, chenye mahali pa kunawa mikono, friji au kifaa kingine cha kupozea, soketi ya umeme, meza ndogo na viti, na akupe mapumziko yasiyozidi jumla ya saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na muda wa chakula. Baki na nakala iliyotiwa sahihi ya kupokelewa. Akisema hana nafasi, dai muda kwanza: mama mwenye vipindi viwili vya nusu saa na stoo safi inayofungika ana nafuu kuliko mwenye chumba kizuri asichoruhusiwa kukiendea.

Kibarua wa Industrial Area, eneo la viwanda la Nairobi, ana kazi ngumu zaidi, kwa kuwa msimamizi humwambia kwamba hana haki yoyote. Si kweli. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi hugeuka mfanyakazi wa mkataba, na akifikisha miezi miwili hustahili masharti ambayo angepata kama hangeajiriwa kama kibarua. Ushahidi ndio unaokosekana mara nyingi, kwa hiyo hifadhi jumbe za M-Pesa za malipo, kadi ya getini na picha za orodha ya zamu, kisha uzipeleke kwa afisa wa kazi ukinyimwa likizo au ukifukuzwa kwa sababu ya ujauzito. Njia hii ni ndefu, na mtoto hawezi kuisubiri, hivyo usiache mipango mingine.

Mama fua, yaani anayefulia watu nguo kwa malipo, anayebadilisha nyumba kila siku hafikiwi kwa urahisi na vifungu hivi. Hapo sera yetu imemwacha peke yake. Aombe ruhusa ya kuja na mtoto kabla ya kukubaliana bei, au atafute mlezi karibu na anakofulia badala ya karibu na nyumbani, kwa sababu maziwa yaliyokamuliwa hukaa takriban saa nne tu nje ya friji. Amwachie mlezi kikombe safi kilichofunikwa, badala ya chupa, na amwambie waziwazi kwamba uji bado.