Somo: Kuanza mbio ndefu baada ya upasuaji wa moyo, hapa Malindi

Somo hili ni la aliyepasuliwa kifua, akapona, na sasa anataka kukimbia kilomita tano, kumi au zaidi. Wengi wanaweza: waliopandikizwa mishipa, waliotengenezewa au kubadilishiwa vali, waliozibwa tundu la moyo. Aliyepasuliwa mshipa mkuu wa damu uliotanuka, au ambaye moyo wake bado unasukuma damu kwa unyonge, asifuate ratiba hii. Huyo apangiwe yake na daktari wa moyo.

Hatua ya 1: Tembea wiki 12

Mfupa wa kidari ulikatwa ukafungwa kwa nyaya. Nyaya zinaushikilia tu. Kuunga kwenyewe huchukua hadi miezi mitatu. Miguu hupata nguvu mapema zaidi, na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Ukirudi nyumbani anza na dakika 5 mara mbili kwa siku kwenye ardhi tambarare, uongeze dakika moja au mbili kila siku, mpaka ufike dakika 30 mfululizo kabla ya wiki ya 6. Kutoka hapo kaza mwendo. Mpaka daktari akuruhusu, usibebe kitu cha zaidi ya kilo 4 au 5. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20, kwa hiyo mwachie mwengine. Ukikohoa au kujigeuza kitandani na kidari kikaalika au kikacheza, rudi hospitali.

Hatua ya 2: Ruhusa itoke kwenye vipimo, si kwenye kalenda

Omba vitatu: picha ya moyo ya eko, kipimo cha wingi wa damu (upungufu wa damu ni kawaida baada ya upasuaji, nao huchosha bure), na kipimo cha kutembea na kukimbia juu ya mashine huku umeunganishwa waya za ECG (kipimo cha umeme wa moyo). Hiki cha tatu ukifanye ukiwa unameza dawa zako kama kila siku, kwa sababu ndizo utakazokimbia nazo. Huenda kikakupeleka Mombasa, nenda. Kisha muulize daktari: mapigo yangu yasizidi mangapi kwa dakika? Jibu hilo liandike.

Hatua ya 3: Pumzi itangulie saa ya mkononi

Ile hesabu ya 220 kutoa umri haikufai ukiwa unatumia bisoprolol, atenolol, metoprolol au carvedilol. Dawa hizi huzuia mapigo yasipande, kwa hiyo saa inaweza kuonyesha 105 wakati mwili umeshafika ukingoni. Idadi aliyokupa daktari ndiyo kikomo, usiivuke. Mwendo wenyewe uupime hivi: unapokimbia, soma Fatiha au Baba Yetu kwa sauti. Ukimaliza bila kukatikiwa na pumzi katikati ya sentensi, mwendo ni sawa. Ukikatika, tembea. Mwendo huu utauona wa aibu, watoto wa shule watakupita. Waache wapite.

Hatua ya 4: Ratiba

Siku tatu kwa wiki, na siku ya mapumziko kati yake. Kila mara anza kwa kutembea dakika 10 na umalize kwa kutembea dakika 10. Zile za mwisho ndizo zinazorukwa sana na ndizo zenye hatari: ukisimama ghafla damu hubaki miguuni, presha inashuka, kichwa kinazunguka, na mapigo yanaweza kuvurugika.

Wiki hizi zihesabu tangu uruhusiwe kukimbia, si tangu upasuaji. Wiki ya 1 na 2: kimbia dakika 1, tembea 2, mara sita hadi nane. Wiki ya 3 na 4: kimbia 2, tembea 2, mara sita. Ya 5 na 6: kimbia 4, tembea 2, mara tano. Ya 7 na 8: kimbia 8, tembea 2, mara tatu. Ya 9 na 10: kimbia 12, tembea 1, mara mbili. Baada ya hapo jaribu dakika 30 mfululizo. Wiki iliyokushinda irudie. Ukikosa zaidi ya wiki moja kwa homa au safari, rudi nyuma wiki mbili, wala usilipe deni la siku ulizokosa.

Kutoka dakika 30, refusha siku moja tu kati ya zile tatu, kwa dakika 5 kila wiki, na kila wiki ya nne ipunguze kwa theluthi. Wengi hufika saa nzima kwenye mwezi wa tano wa ratiba. Kasi usiiguse kabla ya hapo.

Wapi na saa ngapi

Joto la hapa linaongeza kazi ya moyo, kwa kuwa damu inapelekwa kwenye ngozi kuupoza mwili. Toka saa kumi na mbili asubuhi, uwe umerudi kabla ya saa mbili. Msimu wa kaskazi, hasa Januari hadi Machi, punguza muda kwa robo.

Mchanga wa pwani ni mzuri maji yakipwa, unapokuwa mgumu. Lakini siku za bamvua (mwezi ukiandama au ukiwa mpevu) maji hujaa alfajiri na kupwa kwenye saa nne, jua limeshakuwa kali, kwa hiyo siku hizo tumia barabara ya Casuarina mapema kabla ya magari. Ufuo una mteremko unaolemea goti moja, basi geuza kila dakika 10. Usiende moja kwa moja mpaka mdomo wa mto Sabaki halafu ukachokea huko. Zunguka karibu na nyumbani, ukiwa na mtu, simu, na karatasi yenye majina ya dawa zako.

Simama na utafute msaada ukipata maumivu ya kifua, taya au mkono, kizunguzungu, mapigo ya kuruka-ruka, au pumzi isiyotulia baada ya dakika 10. Uzito ukipanda kilo 2 kwa siku mbili tatu, au miguu ikivimba, usikimbie, mwone daktari.

Maswali yaliyoulizwa

*Naweza kunywa dafu baada ya mbio?*

Inategemea dawa. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi. Kwa anayetumia spironolactone, enalapril au losartan, au mwenye figo dhaifu, potasiamu ikizidi huvuruga mapigo. Uliza kwanza, upimwe damu. Na kama umewekewa kiwango cha maji kwa siku, dafu linahesabiwa humo.

*Natumia warfarin na goti linauma. Nimeze diclofenac?*

Hapana, wala ibuprofen. Warfarin huzuia damu kuganda, na dawa hizo zote huongeza hatari ya kutoka damu tumboni. Weka barafu, pumzika siku tatu, na muulize mfamasia kuhusu paracetamol, maana nayo ikitumiwa siku nyingi hupandisha INR, yaani damu huchelewa zaidi kuganda. Ukianguka ukajigonga kichwa, nenda hospitali hata kama unajisikia mzima.

*Assalam aleikum. Mwezi wa Ramadhani nifanyeje?*

Waaleikum salam, dada. Mwone daktari kabla Shaabani haijaisha, akwambie kama unaweza kufunga na akupangie dawa za futari na daku. Usiruke dozi. Akikuruhusu, fanya mazoezi mafupi saa mbili baada ya futari nyepesi, au baada ya tarawehe. Alasiri kabla ya futari usikimbie. Ndipo mwili unapokuwa na maji machache zaidi.

*Vali yangu ya chuma inalia tik tik nikikimbia. Ni hatari?*

Ni sauti yake, na inaharakisha pamoja na mapigo. La kuogopa ni ikififia au ikinyamaza, maana huenda damu imegandia hapo. Ikitokea hivyo nenda hospitali saa hiyohiyo, usisubiri kliniki.