Unapenda Misa ya Kilatini na unataka upadre? Anza hivi

Tumsifu Yesu Kristo wadogo zangu. Naandika hii kwa sababu karibu kila mwezi kuna kijana ananisubiri nje ya sakristia au ananitumia meseji usiku, na swali ni lile lile: frateri (ndo wanavyotuita sisi waseminari), mi napenda Misa ya zamani, ile ya Kilatini, napenda kupokea Komunyo nimepiga magoti, napenda ubani na ukimya, je seminari watanipokea kweli? Wengine hiyo Misa wameiona YouTube tu, lakini ukimsikiliza unajua kabisa kuna kitu kimemshika moyo. Mi nilikua hivyo hivyo. Sasa hivi niko mwaka wa kichungaji, yaani mwaka wa mazoezi parokiani, falsafa nimemaliza, kwaiyo nawaambia njia kama nilivyoipita mwenyewe.

Kabla hujatafuta fomu wala anwani ya seminari, nenda kwenye jumuiya yako. Najua ulitegemea niseme kitu kingine. Lakini kwetu Tanzania barua ya kukutambulisha inatoka kwa paroko, na paroko akitaka kukujua anamuuliza mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, na mwenyekiti akisema huyu kijana namwona kanisani tu, kwenye sala za nyumba kwa nyumba hatumjui, kwenye misiba haji, basi umeshajiwekea kikwazo mwenyewe. Nimeona vijana wazuri, wanasali rozari zote nne kwa siku, lakini jumuiya wanaiona kama kitu cha kina mama. Hapana. Wale kina mama ndo watakaokuombea miaka tisa, na ndo utakaowazika na kuwabatizia wajukuu. Nenda, beba kitabu cha nyimbo, kaa kwenye mkeka.

Alafu nenda kwa paroko. Usimfuate baada ya Misa ya Jumapili watu wamejaa, omba muda siku ya kazi, na ukikaa mbele yake anza na neno moja: Padre, nahisi Mungu ananiita kuwa padre. Habari ya Kilatini itakuja yenyewe akikuuliza unapenda nini, na akikuuliza usifiche hata kidogo, mwambie ukweli wote kwa upole. Wapo waliofundishwa na marafiki zao wa kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba ficha mpaka upate daraja la upadre ndo ujionyeshe. Huo ni uongo, na upadre ulioanza na uongo kwa askofu wako sijui utausimamishia wapi. Walezi wa seminari sio watu wabaya. Wanataka kukujua, basi.

Vyeti andaa mapema maana hivi ndo huwa vinachelewesha. Kanuni ya 241 ya Sheria ya Kanisa inataka cheti cha ubatizo na cha kipaimara, na juu ya hapo majimbo mengi yanaomba cheti cha ndoa ya wazazi, vyeti vya shule, cheti cha daktari na barua ya paroko. Kama wazazi hawajafunga ndoa kanisani usikate tamaa na usidanganye, mwambie paroko, tena mara nyingi wito wa mtoto ndo unawasukuma wazazi wakabariki ndoa yao, nimeliona hilo kwa macho yangu. Na kama ulishawahi kuwa seminari nyingine au shirika ukatoka au ukatolewa, kanuni hiyo hiyo inadai ushuhuda wa mkuu wa kule, hasa kuhusu sababu ya kuondoka. Itajulikana tu. Sema mwenyewe.

Muda wenyewe ujue ni mrefu. Kanuni ya 250 inataka miaka sita kamili isiyopungua, miwili ya falsafa na minne ya teolojia, na mwongozo wa malezi uliotoka Roma tarehe 8 Desemba 2016 umeongeza malezi ya awali ya mwaka mmoja mpaka miwili kabla ya falsafa. Kwetu ukijumlisha na mwaka wa kichungaji unafika tisa hivi. Utapelekwa pengine Kibosho au Ntungamo kwa falsafa, alafu Segerea, Kipalapala au Peramiho kwa teolojia, askofu ndo anaamua, sio wewe. Na upadre hupewi kabla ya kutimiza miaka 25. Kwaiyo kijana wa kidato cha nne anayetaka kila kitu mwakani atulie kwanza.

Sasa Kilatini. Hapa nitakaa kidogo maana ndo kazi unayoweza kuianza leo jioni. Kama unasema unayapenda mapokeo ya Kanisa alafu hujui Kilatini hata cha kuunga sentensi mbili, anza hapo. Na haki unayo: kanuni ya 249 inasema waseminari wakielewe Kilatini vizuri, hiyo ni sheria ya 1983 inayotumika mpaka leo, hamna aliyeifuta. Shida ni kwamba watu wanaogopa, wanadhani ni lugha ya Wazungu wenye akili sana, wakati sisi tunaoongea Kiswahili tuna mtaji mkubwa sana humo.

Irabu ni zetu zile zile, a e i o u, unazisoma kama zilivyoandikwa. Vya kushika ni vichache: c ikifuatwa na e, i au ae inasomwa ch, kwaiyo caelis ni "chelis". G mbele ya e au i ni j, Regina ni "Rejina". Gn ni ny, Agnus ni "Anyus". Gratia ni "gratsia". Siku mbili tatu umemaliza matamshi.

Alafu angalia Pater noster. Ni Baba yetu, neno kwa neno, kwa mpangilio ule ule. Upatanisho wa kisarufi unaufanya tangu mtoto, unasema mtu mzuri, kitabu kizuri, nyumba nzuri, sivyo? Kilatini nao wana upatanisho, ila wao wanaugeuza mkiani mwa neno wakati sisi tunaugeuza kichwani. Kitenzi vile vile. Chukua Gloria: laudamus te, tunakusifu. Hiyo -mus ya mwisho ni tu- yetu ya mwanzo. Benedicimus, adoramus, glorificamus, zote tu-, tu-, tu-. Ukishaona hivyo Gloria nzima inafunguka.

Kinachowaangusha wengi ni nomino kubadilika mwisho. Usikariri jedwali kavu, tumia Misa yenyewe. Deus ni Mungu akiwa ndo mtenda. Credo in unum Deum, nasadiki kwa Mungu mmoja, hapo imekua Deum. Agnus Dei, Mwanakondoo wa Mungu, ile "wa" yetu imeingia ndani ya neno. Deo gratias, shukrani kwa Mungu, hapo ni Deo. Umeona? Neno moja, hali nne, na zote umeshaziimba au kuzisikia. Tantum ergo parokia nyingi bado wanaimba kwenye Baraka ya Sakramenti Kuu, na Salve Regina mafrateri wanaiimba usiku, anza na hizo kwa sababu sauti unayo tayari, kilichobaki ni maana. Dakika ishirini kila jioni, daftari moja, mwaka mmoja. Nakuhakikishia utaingia falsafa ukiwa mbele.

Na kingine ambacho vijana hawakifikirii: tafuta mzee. Misale mpya, yaani kitabu cha Misa ya sasa, imetoka 1969 na 1970, kwaiyo mtu aliyekua mtumishi wa altare miaka ya sitini sasa ana sabini na kitu, na parokiani kwako yupo, pengine anakaa benchi la nyuma na fimbo yake. Mi nilikua na babu yangu mzaa mama. Jioni akishamaliza kulisha ng'ombe nilikua namwambia maneno ya mwanzo wa Misa ya zamani, Introibo ad altare Dei (nitaingia kwenye altare ya Mungu), na yeye bila kufikiri anajibu Ad Deum qui laetificat juventutem meam (kwa Mungu anayeufurahisha ujana wangu), sauti inabadilika kabisa, anakua mtoto. Aliniambia paroko wa wakati ule alikua anawapima kwenye majibu kabla hawajagusa chetezo. Hayo huyapati kwenye video. Mkalie mzee wako kabla hajaondoka.

Ukikwama usivunjike moyo. Mtakatifu Yohane Maria Vianney Kilatini kilimshinda mpaka wakamtoa seminari, akafundishwa na paroko wake taratibu, akapewa daraja mwaka 1815, na leo ndo msimamizi wa maparoko. Ila na yeye alikazana, usimtumie kama kisingizio.

Kuhusu Misa yenyewe ya Misale ya 1962, ile ya zamani, jua sheria inasemaje ili usije ukamlaumu mlezi wako bure. Papa Benedikto XVI aliifungulia mlango mpana mwaka 2007. Papa Fransisko kwa barua yake Traditionis Custodes ya tarehe 16 Julai 2021 akabana: padre aliyepata daraja baada ya tarehe hiyo akitaka kuitumia anamwandikia askofu wake, na askofu lazima aulize Roma kwanza kabla hajamruhusu. Iliniuma sana siku ile, sitaficha. Lakini maana yake kwako ni hii: hakuna seminari ya jimbo itakayokuahidi hiyo Misa, na usiingie ukiwa umeshajiahidi mwenyewe.

Kilichobaki wazi ni kingi kuliko watu wanavyodhani. Misale ya sasa nayo ipo kwa Kilatini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, kwenye hati yake ya liturujia Sacrosanctum Concilium namba 54 unataka waumini waweze kusema au kuimba pamoja kwa Kilatini sehemu zao, na namba 116 unaupa wimbo wa Kigregori nafasi ya kwanza. Vijana wengi 116 wanaijua kwa kichwa. Sasa soma namba tatu mbele, 119, pale Mtaguso unasema watu wa nchi za misioni wana muziki wao na upewe heshima yake. Ni hati moja, mababa wale wale, na Kardinali Laurean Rugambwa wetu alikua mmoja wao, mtu aliyelelewa Rubya na Katigondo enzi ambazo teolojia yote ilikua Kilatini. Vigelegele vya wakati wa Gloria unavyovinunia na Kyrie unayoipenda, vyote vina mahali.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nilikosea hapo. Nikiwa malezi ya awali tulienda kusali kigango kimoja mbali, kwaya ikaimba kwa kinanda na ngoma, na baada ya Misa nikamfuata mwalimu wa kwaya mbele ya watu nikamwambia ule muziki hauifai Misa. Mzee wa watu alikua ametembea saa mbili kuja. Hakujibu, alishika kofia yake tu. Jioni mlezi aliniita, hakunigombeza, aliniuliza jina la yule mwalimu ni nani. Sikulijua. Akanirudisha kule Jumapili iliyofuata nikaombe radhi, na yule mzee akanikaribisha chakula nyumbani kwake. Kuanzia siku ile nikiona kitu cha liturujia hakiko sawa namuuliza kwanza mkuu wa liturujia, faragha, tena kwa swali.

Ndani ya seminari utakuta ratiba ya kengele, alfajiri Masifu na tafakari, shamba, banda la nguruwe, ugali na maharage, usiku ukimya mkuu mpaka baada ya Misa ya asubuhi. Kijana anayependa mapokeo kweli ukimya ule anautunza hata bwenini taa zikizimwa. Kanzu usinunue, utavalishwa muda wake. Chagua padre wa kiroho mapema na muungamie mara kwa mara.

Wengine mnauliza kuhusu nje, kwenye mashirika ya mapadre wanaoadhimisha Misa ya zamani. Udugu wa Mtakatifu Petro ulianzishwa 1988, una seminari Wigratzbad Ujerumani na Denton, Nebraska Marekani. Taasisi ya Kristo Mfalme ilianzia Gabon mwaka 1990, seminari yao iko Gricigliano karibu na Florence, Kifaransa ni lazima. Hawa wako ndani ya Kanisa bila utata, lakini nao watataka barua ya paroko, kwaiyo unarudi pale pale. Udugu wa Mtakatifu Pius X wa Askofu Mkuu Lefebvre, ambao wapo mpaka Nairobi, ni habari nyingine: mwaka 1988 aliweka wakfu maaskofu wanne bila ruhusa ya Papa, akatengwa yeye na hao wanne, na ingawa adhabu ya wale wanne iliondolewa 2009 hiyo peke yake haikuupa Udugu wao nafasi kisheria. Mi sikushauri uende huko, na inaniuma kusema hivyo maana Lefebvre alikua mmisionari wa Roho Mtakatifu, shirika lile lile lililotuletea imani Bagamoyo 1868. Na mtu yeyote akikuomba hela ya viza au ya "kushikilia nafasi" ya seminari Ulaya, kata simu.

Kabla hujaandika barua nenda mbele ya tabernakulo saa nzima bila simu ujiulize: nikiambiwa sitaadhimisha Misa ya Kilatini hata siku moja, nitapelekwa kigango cha mwisho chenye bati linalovuja na kwaya ya ngoma mbili, bado nautaka upadre? Jibu likigoma mpelekee baba wa kiroho hivyo hivyo lilivyo. Jibu likiwa ndiyo, andika kwa mkono, ukurasa mmoja, jina la jumuiya, kigango na parokia juu kabisa, barua iende kwa mkurugenzi wa miito wa jimbo kupitia kwa paroko, na nakala moja ubaki nayo.