Kutoa mitokondria kwenye kiazi na kupima SDH: kazi yote iko kwenye kusaga

Juzi kuna jamaa alikuwa anapima SDH (saksineti dihaidrojenesi, kimeng'enya cha ndani ya mitokondria) akawa analalamika spektrofotometa (mashine ya kupima rangi kwa mwanga) ni mbovu, laini imelala tu haishuki. Mashine ilikuwa nzima, mitokondria ndo zilifia kwenye blenda.

1. Bafa. Sukrosi 0.3 M, MOPS 50 mM, EDTA 2 mM, BSA (protini ya kulinda mitokondria) 0.2%, PVP-40 (ya kunasa fenoli) 1%, askobeti 20 mM, pH 7.5. Askobeti weka siku hiyohiyo, halafu ndo urekebishe pH. Kila kitu kiwe baridi, nyuzi 4.

2. Kusaga. Hapa tulia. Seli ya mmea ina ukuta mgumu kwa nje na ndani ina vakuoli kubwa imejaa asidi na fenoli, sasa ukiipasua vyote vinamwagika juu ya mitokondria kwa pamoja, pH inaporomoka na fenoli zikioksidika zinaganda kwenye protini, ndo ule ukahawia unaouona. Kwa hiyo bafa isipungue mililita 2 kwa kila gramu, na blenda ni kugusa sekunde 2 au 3, pumzika, rudia mara mbili basi. Vipande vitabaki vizima vingi tu, viache! Ukisaga mpaka uji ulainike umeshapasua na mitokondria zenyewe. Mimi blenda siipendi kabisa, nakwaruza kiazi kwa kile kifaa cha kukwaruzia karoti, kikiwa ndani ya bafa. Ukimaliza tu pima pH, ikiwa chini ya 7 ongeza KOH tone kwa tone huku unakoroga.

3. Kuzungusha. Chuja kwa kitambaa tabaka nne. 1,000 g dakika 10, mashapo tupa (ni wanga huo). Maji ya juu yazungushe 12,000 g dakika 15, safari hii mashapo ndo mali. Nimesema g (nguvu ya kuzungusha), sio rpm (mizunguko kwa dakika), rpm inategemea rota yako. Tawanya kwa brashi laini ya kuchorea, pipeti inazipasua. Osha tena kwa bafa isiyo na BSA, la sivyo Bradford (kipimo cha protini) itakupimia BSA. Kusafisha zaidi kwa Percoll kwa kipimo hiki sihangaiki nako.

4. Kupima. Oksaloaseteti huwa imekalia kimeng'enya, kwa hiyo kwanza acha mitokondria na saksineti 10 mM na ATP 1 mM dakika 10 kwenye nyuzi 25. Kisha azidi ya sodiamu ili elektroni zisiishie kwenye oksijeni (sumu hiyo, na isikutane na asidi), PMS ya kubeba elektroni, na mwisho DCPIP, rangi ya bluu inayozipokea. Soma 600 nm, bluu inafifia. Mteremko wa dakika moja gawa kwa 21 (namba ya unyonyaji mwanga ya DCPIP, kuveti ya sm 1), zidisha kwa mililita za kuveti, gawa kwa miligramu za protini, hiyo ni mikromoli kwa dakika kwa miligramu. Kuveti nyingine tia na maloneti (inazuia SDH), kama bluu inafifia kwa kasi ileile basi unachopima sio SDH.