Jinsi ya kuunda matatu ya 1/24 ukiwa Nakuru bila kuyeyusha plastiki

Watu wakija kwangu Section 58 wanaona ile Hiace ndogo iko juu ya TV, wanauliza nimeinunua wapi, wengine wanadhani ilikuja hivyo na mstari wake wa njano na viti vyake. Haikuja hivyo. Ilikuja kwa boksi ikiwa vipande vimeshikana kwa fremu za plastiki, nyeupe zote, bila gundi bila rangi, na karibu niiue mara mbili kabla haijasimama kwa tairi zake. Wacha niandike vile inajengwa, na nitakaa sana pale kwa gundi na rangi ju hapo ndio watu wa huku hulilia.

Kwanza hiyo namba 1/24. Maana yake kila sentimita ya modeli ni sentimita 24 za gari yenyewe. Hiace ya kuanzia 2004 ina urefu wa milimita 4,695, gawa kwa 24 unapata kama sentimita 19 na nusu. Hiyo hesabu ishike kichwani ju kila kitu utaongeza mwenyewe, kuanzia viti mpaka keria ya juu, lazima ukigawe kwa 24, la sivyo utapata matatu iko na viti vya chekechea.

Seti yenyewe tafuta ya Aoshima, ile ya Toyota Hiace Super GL. Ni Wajapani, na karibu majina yote makubwa ya hii kazi (Tamiya, Hasegawa, Fujimi, hao Aoshima) yako mkoa mmoja huko Japani unaitwa Shizuoka. Uzuri wa gari ya Japani ni usukani uko upande wetu, hakuna kuhamisha dashibodi. Seti nyingi za Aoshima hazina injini, chini unapata tu umbo lake, na kwa mtu anaanza hiyo ni bahati, usilie.

Kuipata ni kuagiza mtandaoni ama kuomba mtu wa kwenu aliye majuu akubebee. Ukiagiza weka akilini kuna VAT ya asilimia 16 na ada zingine za forodha juu ya bei na usafiri, usije ukasimama kwa kaunta ya posta ukihesabu sarafu. Kitu kingine hakuna mtu aliniambia mapema: seti itapanda ndege, rangi na gundi hazipandi. Spre, thina na gundi ya plastiki ni vitu vya kushika moto, wauzaji wengi hawatumi kabisa kwa ndege. Kwa hivyo unabaki na boksi safi ya Mjapani mkononi na hadweya za Nakuru mbele yako, na kazi yako kubwa ni kujua gani inakula plastiki na gani haili.

Hiyo plastiki inaitwa polistirini. Thina ya gari inaila, asetoni ile ya kutoa rangi ya kucha inaila, petroli pia inaila. Mimi nilijua baadaye. Siku ya kwanza nilienda duka moja la rangi za gari, nikauziwa thina ya kawaida, jamaa akaniambia hiyo inasafisha kila kitu, na kweli ilisafisha, nikapangusa paa ya Hiace na kitambaa kimelowa nikitaka kutoa mafuta, kuangalia hivi paa imekuwa laini kama mshumaa na alama za kitambaa zimejichora ndani. Ilinichukua wiki mbili ya fila (ile ya kuziba mashimo) na msasa kurudisha hiyo paa, na hata leo ukiiweka kwa mwanga unaona bonde. Mafuta ya kiwandani unatoa na maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, mswaki mzee, basi. Anika kwa kivuli, jua la saa saba linaweza kupinda vipande vyembamba.

Kutoka hiyo siku niko na sheria moja na siivunji: kila kitu kipya kinajaribiwa kwa fremu kwanza. Ile fremu inayoshika vipande ni plastiki ileile ya bodi, na utaitupa tu, kwa hivyo pulizia spre yako hapo, paka gundi yako hapo, ngoja mpaka kesho. Ikiwa imelainika ama imepata ngozi ya chura, hiyo chupa rudisha ama mpatie mwenye geti la chuma.

Kukata vipande usivivunje na mkono. Tumia kata ya kucha, kata mbali kidogo na kipande, alafu malizia na wembe na msasa. Msasa mzuri ni ule wa maji wa mafundi wa kupiga gari rangi, namba 400 kwa kazi nzito, 600 na 1000 kabla ya rangi, 2000 ni ya mwisho kabisa. Hawa mafundi ni marafiki wako wakubwa, shinda nao, mmoja karibu na kwetu hunikatia vipande vya msasa bure ju anaona hii kazi yangu ni ya kuchekesha.

Gundi sasa. Gundi ya kweli ya modeli, kama ile ya Tamiya ya kifuniko cha kijani, haigundishi kama unavyofikiria, inayeyusha plastiki kidogo pande zote mbili zikaungana ikawa kitu kimoja. Unashikanisha vipande vikiwa vikavu, unagusa na brashi kwa mwanya, inajivuta ndani yenyewe. Ukiipata kupitia mtu, chupa moja itakutosha modeli kadhaa. Ukikosa, supa glu itafanya kazi lakini tone dogo kwa ncha ya kijiti cha meno, na isikaribie vioo hata kidogo! Mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwa kioo na hautoki kwa kupangusa, hiyo ndio mara yangu ya pili ya kuua hii gari, windskrini ikawa kama ya asubuhi ya Molo. Vioo vinashikwa na gundi nyeupe ya seremala. Ikiwa mbichi ni nyeupe, ikikauka haionekani, na ikimwagika unapangusa na kitambaa cha maji.

Kabla ya rangi kaa chini na viti, ju bodi ikishafungwa mkono hauingii tena. Super GL ni gari ya familia na mizigo, haina zile safu za nyuma za matatu. Nilienda stendi nikahesabu mwenyewe, abiria wawili mbele kando ya dere, alafu safu nne za watatu watatu, ndio abiria 14. Makanga mmoja akanishuku akaniuliza kama natoka NTSA, wale wa serikali wa usalama barabarani. Viti nilikata kwa katoni ya boksi la nafaka za asubuhi, tabaka tatu zimegundishwa na gundi ya seremala, nikafunika na kitambaa chembamba cha shati mzee. Usijaribu vile visahani vya povu vya nyama alafu uweke supa glu, povu linayeyuka ukiangalia. Ndani nilipaka na rangi za maji za wachoraji zinauzwa maduka ya vitabu, brashi tu, ndani hakuna mtu anachunguza sana.

Haya, rangi ya nje, na hapa punguza mbio. Spre za kopo ziko kila hadweya na nyingi hazileti shida kwa plastiki mradi uanze na praima (ile rangi ya chini ya kushikisha) na upige nyembamba. Shida si rangi peke yake, ni kiasi. Ukipiga nzito mara moja ile thina ndani ya rangi inakaa juu ya plastiki muda mrefu ikiila, ukipiga kama umande inapaa kabla haijafanya kitu. Umbali ni kama sentimita 20 mpaka 25, anza kupuliza nje ya bodi, pita bila kusimama, achilia ukishapita. Mara ya kwanza gari inafaa kuonekana mbaya, madoadoa tu. Ngoja dakika 10 au 15, pita tena. Mara tatu nne hivi inafunika.

Kopo kabla ya kupiga litie kwa bakuli ya maji ya vuguvugu dakika chache, rangi inatoka laini. Nimesema vuguvugu, si moto, na isikaribie jiko, hilo kopo ni bomu.

Alafu kuna hewa ya kwetu. Nakuru mchana upepo unaanza na vumbi linakuja nalo, mimi napiga asubuhi saa nne hivi baridi ikishatoka na upepo haujaamka, nimemwagia sakafu maji kidogo ili vumbi lilale, na modeli ikishapigwa inafunikwa na beseni la plastiki papo hapo. Binamu yangu wa Kisumu shida yake ni tofauti, unyevu wa ziwa, akipiga siku ya mvua rangi inapata weupe kama wa maziwa, hiyo ni maji ya hewani yameshikwa ndani ya rangi ikikauka. Dawa yake ni kungoja siku kavu. Wakati mwingine kupiga tena nyembamba siku ya jua inatoa huo weupe, wakati mwingine haitoi.

Utajuaje imekauka? Nusa. Ikiwa bado inanuka rangi, bado. Usiguse kwa kidole, kidole kitabaki hapo milele.

Mstari wa njano ndio unafanya iwe matatu, bila hiyo ni gari ya harusi tu. Sheria za Michuki, yule aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilizoanza kushikwa 2004 zilitaka mstari wa njano wa upana wa milimita 150 kuzunguka gari, na ukigawa kwa 24 ni milimita 6 na robo. Nyeupe na njano ni rangi dhaifu, hazifuniki giza, kwa hivyo fuata huu mpango: piga nyeupe bodi yote, ikikauka piga njano pale katikati, ikikauka funika njano na masking tepu ya milimita 6, alafu ndio upige rangi ya gari. Ikiwa gari yako ni nyeupe basi piga nyeupe tena. Tepu ya hadweya iko na ukingo mchafu umekusanya vumbi, ibandike kwa kioo, ukate ukingo mpya na wembe na rula. Na hii ya maana sana: ukishabandika tepu, piga kwanza njano kidogo tena juu ya ukingo wake. Ikiingia chini ya tepu ni njano kwa njano, haionekani, na imeziba ile mianya, rangi inayofuata haiwezi kupenya. Toa tepu polepole ukiirudisha juu yake yenyewe, si kuivuta wima.

Ukiharibu usitupe bodi. Tia kwa Dettol isiyochanganywa na maji usiku mzima, rangi nyingi zinalegea unasugua na mswaki. Usioshe na maji kwanza ju itageuka kuwa ulimbo, pangusa na Dettol nyingine safi ndio uje kwa maji na sabuni. Vaa glavu. Na kama kawaida, fremu kwanza.

Maandishi na picha nilipeleka kwa vijana wa kukata stika za matatu za ukweli, wana mashine, wakanikatia ndogo na jina la shosho wangu nyuma. Stika za maji zinazokuja na seti unakata moja moja, unatia kwa maji sekunde 15, unaweka kando mpaka ianze kuteleza, alafu unaisukuma kutoka kwa karatasi mpaka kwa bodi inayong'aa, kwa bodi isiyong'aa hewa inabaki chini inaonekana kama fedha. Klia ya mwisho, ile isiyo na rangi ya kung'arisha, piga nyembamba sana, ukiimwaga itakunja stika zote. Wengine watakuambia upige ile klia ya gari yenye hadna, dawa ya kuchanganya ili ikauke ngumu. Inang'aa kama kioo, ni kweli, lakini iko na kemikali mbaya ya mapafu na barakoa ya kitambaa haizuii kitu, mpelekee fundi aliye na vifaa vyake ama uachane nayo. Kopo la kawaida na kompaundi kidogo ya kusugulia ing'ae zinatosha.

Ukishaanza moja hutaacha, nakuonya, sahi niko na boksi tano chini ya kitanda ikiwemo Datsun 240Z ya Hasegawa, ile iliyoshinda mbio za magari za Safari Rally 1971. Boksi za kungojea weka mbali na jua, stika zitoe uzitie kwa mfuko wa kufunga ju zinageuka njano, na kwa seti za zamani tairi za mpira zisilale juu ya plastiki, mpira unaila pia polepole miaka ikipita.

Ile Hiace niliimaliza Ijumaa jioni, Jumapili jirani anayeendesha laini ya Njoro akaingia kunywa chai, akaizunguka kimya, akainama akaangalia windskrini, akaniuliza, "Na stika ya inspekshoni iko wapi, boss? Hii inashikwa hapo mbele tu." Nilikata karatasi ya milimita 4, nikaibandika kwa gundi ya seremala upande wa kushoto.