Kabla hujapiga Windows iliyokondeshwa kwenye kompyuta ya zamani

Una ka-laptop kako ka Core i5 jenereshen ya pili, RAM 4GB, Windows 10 walishaifungia sapoti ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakugomea inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa mpya, basi fundi anakwambia lete flashi nikupigie Tiny11, yaani Windows 11 iliyokondeshwa, inapepea hiyo. Ni kweli inapepea: wametoa makorokoro kibao, Xbox, Teams, OneDrive, nafasi inabaki na RAM inapumua.

Shida sio wepesi. Shida ni nani kaipika. Aliyechakachua ISO (faili la kupigia Windows) anaweza kupachika chochote ndani, na antivairasi utakayoweka baadae inaweza isione kitu maana mdudu ndo mwenyeji, yeye mgeni. Alafu zingine wamekata apdeti na Defender (antivairasi ya Windows yenyewe) kabisa ili zionekane nyepesi, wewe unaingia benki humo humo.

Kwahiyo jipikie mwenyewe, sio kazi. Daunlodi ISO ya Windows 11 kwa Microsoft wenyewe (bando litaumia, ni zaidi ya 5GB), alafu angalia kama haijaguswa, fungua CMD uandike certutil -hashfile jina_la_faili SHA256 (bila mikato, na jina la ISO yako), namba itakayotoka ulinganishe na ile ya kwenye ukurasa wa Microsoft, ikitofautiana hata herufi moja futa. Nenda GitHub uchukue tiny11builder ya NTDEV, mwenye Tiny11 mwenyewe, ni skripti ya PowerShell, ukitaka unaisoma mstari kwa mstari. Raiti kliki ISO, Mount, fungua PowerShell kama admin, endesha tiny11maker.ps1, itakuuliza herufi ya draivu ya hiyo ISO na toleo unalotaka, ukimaliza unapata tiny11.iso, hiyo ndo unairusha kwenye flashi kwa Rufus, programu ya kutengenezea flashi ya kupigia Windows. Bekapu picha na dokumenti zako kwanza lakini, usije ukalia. Na leseni bado inahitajika kama kawaida, kuikondesha hakufanyi iwe ya bure.

Humo ndani utaiona na tiny11coremaker. Achana nayo! Hiyo ni ya kujaribia tu, haina apdeti, haina Defender, na baadae huwezi hata kuongeza lugha.

Ukishapiga, cha kwanza ingia Windows Update uone kama inavuta apdeti, afu Windows Security. Kama vyote viko hai uko vizuri, ila usishangae toleo kubwa la mwaka likigoma kuja lenyewe kwa sababu mashine haipo kwenye orodha ya Microsoft.

Mashine ikiwa ni Core 2 Duo usijisumbue, Windows 11 kuanzia 24H2 haiwaki kabisa humo, prosesa haina maelekezo ya POPCNT. Weka Linux Mint ya Xfce, mfumo mwepesi wa bure badala ya Windows, unaijaribu kwenye flashi hapo hapo bila kugusa diski, ukiona waifai na sauti vinakubali ndo unapiga.